Kusafisha damu ya mgonjwa mahututi mwenye nimonia ya virusi: mwongozo kwa hospitali za Unguja na Pemba

Mwongozo huu umeandikwa kwa madaktari, wauguzi na mafundi wa hospitali zetu za visiwani wanaompokea mgonjwa wa nimonia ya virusi, iwe imetokana na mafua makali, UVIKO-19 au virusi vingine, ambaye mapafu yake yameelemewa na figo zake nazo zimeanza kushindwa. Si mbadala wa maelekezo ya daktari bingwa wa figo. Unapanga hatua kwa mfuatano, ili aliye zamu usiku ajue la kutanguliza na la kufuatisha wakati bingwa bado anatafutwa kwa simu.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa kuwa maamuzi yote yanayofuata yanalitegemea: dayalisisi, yaani huko kusafisha damu, haitibu mapafu wala haiui virusi. Inaondoa maji, potasiamu, tindikali na taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa, na kwa kufanya hivyo inampa mgonjwa muda wa kupona. Mgonjwa anaweza kuhitaji muda huo sana, na anaweza pia asiuhitaji kabisa, na katika hali hiyo ya pili mashine itamletea madhara bila faida.

Hatua ya kwanza: zilinde figo kabla ya kuifikiria mashine

Figo za mgonjwa wa nimonia huumizwa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Oksijeni hupungua, presha hushuka, homa na kutokula humkausha mgonjwa, na shinikizo kubwa la mashine ya kupumulia hupunguza damu inayorudi kwenye moyo. Katika UVIKO-19 damu huweza kuganda ndani ya mishipa midogo, na mafua makali huweza kuvunja misuli hadi mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Juu ya yote hayo zipo dawa: wagonjwa wengi hufika wakiwa wamekwisha meza diklofenaki au ibuprofeni walizonunua duka la dawa kwa ajili ya homa na maumivu, kisha wodini wakaongezewa antibayotiki ya jentamaisini, nayo huumiza figo. Kwa hiyo waulize watu wa nyumbani kwa utaratibu na kwa heshima: “Dada, bi mkubwa alikuwa akitumia dawa gani kabla ya kumleta? Hata za miti shamba nitajie. Sikulaumu, nataka tumtibu vizuri.” Ukiuliza kwa ukali utajibiwa kwamba hakutumia kitu.

Simamisha dawa zote zinazoumiza figo ambazo zina mbadala. Hakikisha wastani wa presha ya mishipa haushuki chini ya 65. Mgonjwa aliyekauka apewe maji kwa kipimo, na aliyevimba asiongezwe. Pima sukari na malaria, na ufanye altrasaundi ya figo na kibofu, kwani mzee mwenye tezi dume iliyoziba njia ya mkojo anaweza kuhitaji mpira wa mkojo tu.

Mpira ukishawekwa, mkojo upimwe kila saa na uandikwe kila saa. Mgonjwa mwenye kilo 60 anayetoa chini ya mililita 30 kwa saa, kwa saa sita mfululizo, tayari figo zake zimeumia, hata kama kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, bado haijapanda. Kwa upande wa damu, kreatinini iliyoongezeka kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au iliyofika mara moja na nusu ya kiwango chake cha awali ndani ya siku saba, ina maana hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa ambaye hajakauka, kuna jaribio rahisi linalosaidia kutabiri: apewe furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, miligramu 1 kwa kila kilo kwa mshipa, au 1.5 ikiwa alikwisha itumia, kisha mkojo upimwe kwa saa mbili. Akitoa chini ya mililita 200, uwezekano wa figo kuzidi kushindwa ni mkubwa, na hapo ndipo maandalizi ya mashine yaanze. Furosemaidi haiponyi figo. Hapa inatumika kama kipimo, na pia kama njia ya kupunguza maji mwilini.

Hatua ya pili: amua wakati wa kuanza

Zipo hali ambazo hazisubiri. Potasiamu iliyozidi milimoli 6.5 kwa lita na isiyoshuka kwa dawa, au iliyokwisha badilisha kipimo cha umeme wa moyo. Tindikali ya damu iliyofikisha pH chini ya 7.15, maji yaliyojaa kwenye mapafu huku furosemaidi haileti mkojo, na taka zilizolimbikizana hadi mgonjwa akachanganyikiwa, akapata degedege au ukavimba utando unaozunguka moyo wake. Kwa mgonjwa wa nimonia hali ya tatu ndiyo inayotukabili mara nyingi, nayo ni ngumu kuitambua, kwa sababu mapafu yenye virusi na mapafu yaliyojaa maji huonekana karibu sawa kwenye picha ya eksirei. Angalia hesabu ya maji yaliyoingia na kutoka tangu alipolazwa, angalia miguu na mgongo, na angalia kama mahitaji ya oksijeni yamepanda sambamba na maji hayo.

Nje ya hali hizo, kungoja kwa uangalizi ni tiba halali. Utafiti mkubwa wa STARRT-AKI, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa mahututi karibu 3,000 katika nchi 15, ulionyesha kwamba kuanza mapema hakukupunguza vifo: baada ya siku 90 walifariki asilimia 43.9 ya walioanzishwa mapema na asilimia 43.7 ya waliongojewa. Zaidi ya theluthi moja ya waliongojewa hawakuhitaji mashine hata mara moja, na miongoni mwa manusura, walioanzishwa mapema ndio waliobaki wakiitegemea mashine kwa wingi zaidi. Hata hivyo kungoja nako kuna mpaka. Utafiti wa AKIKI 2 wa mwaka 2021, uliowachelewesha baadhi ya wagonjwa hadi yurea, taka ya protini kwenye damu, ifike milimoli 50 kwa lita, haukuona faida yoyote, na ulitoa ishara ya madhara.

Hapa ndipo pa kusema neno kuhusu vichujio vya kunyonya kemikali za uvimbe kutoka kwenye damu. Mwaka 2020, dunia ilipokuwa na hofu, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu baadhi yake vitumike kwa dharura, na wengi waliweka tumaini kubwa kwao. Katika jaribio dogo lililofanyika Freiburg, Ujerumani, kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye pafu la nje ya mwili (mashine inayoitia damu oksijeni), waliofungiwa kichujio cha aina hiyo na kuwa hai baada ya siku 30 walikuwa 3 kati ya 17, na wasiofungiwa walikuwa 13 kati ya 17. Idadi ni ndogo, lakini inatosha kuonya, kwani vichujio hivyo hunyonya pia dawa na vitu vyenye manufaa. Kuchuja damu kwa kiwango kikubwa kupita kawaida nako kulijaribiwa, na hakukuokoa watu zaidi. Msimamo wangu ni kwamba fedha za hospitali zetu ziende kwenye oksijeni, maji safi na wauguzi waliofunzwa, na vichujio hivi vibaki kwenye majaribio.

Hatua ya tatu: kama hospitali yako haina mashine

Mgonjwa aliyeko hospitali isiyo na mashine hawezi kufungwa pale alipo, hivyo piga simu mapema Mnazi Mmoja, au Muhimbili kama italazimu kuvuka kwenda Dar es Salaam, ukiwa na takwimu mkononi: uzito, presha, oksijeni, mkojo wa saa 24, potasiamu na kreatinini.

Kosa la kuogopwa zaidi ni kumsafirisha mgonjwa mwenye potasiamu ya juu bila kuituliza. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 30 kwa mshipa polepole, hulinda moyo kwa dakika 30 hadi 60 tu. Insulini yuniti 10 pamoja na glukosi gramu 25 huisukuma potasiamu ndani ya seli kwa saa nne hadi sita, kisha hurudi. Panga safari kwa kuzingatia saa hizo. Boti kutoka Mkoani hadi bandari ya Malindi huchukua saa kadhaa, na bahari ya kusi inaweza kuichelewesha. Ikiwezekana ndege kutoka Chake Chake ni bora, mradi oksijeni ya njiani imekadiriwa na kuongezwa nusu ya makadirio kama akiba. Anayemsindikiza awe na kalsiamu ya pili ndani ya mkoba, na apime sukari kila saa, kwa sababu insulini hukaa muda mrefu kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi.

Pale ambapo safari haiwezekani, dayalisisi ya tumbo, ambayo maji maalumu huingizwa tumboni na kutolewa yakiwa na taka, ni njia ya kweli na yenye heshima yake. Haihitaji umeme, mtambo wa maji wala dawa ya kuzuia damu kuganda. Hospitali ya KCMC ya Moshi imeitumia kwa miaka mingi kwa watoto na watu wazima walioumia figo ghafla, na hata hospitali za New York ziliirudia mwaka 2020 mashine zilipoelemewa. Kwa mwenye nimonia tumia ujazo mdogo kila mzunguko, kwa sababu maji mengi tumboni husukuma kiwambo juu na kubana mapafu.

Hatua ya nne: chagua njia

Mgonjwa mwenye presha imara anaweza kusafishwa kwa saa tatu hadi nne kama mgonjwa wa kawaida wa kitengo cha dayalisisi. Anayetegemea dawa za kupandisha presha anahitaji mwendo wa pole: ama mashine inayofanya kazi mfululizo usiku na mchana, ama mashine ya kawaida iliyopunguzwa kasi ikafanya kazi kwa saa sita hadi 12. Kwetu njia hii ya mwisho ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa inatumia mashine na vifaa vilivyopo, na tafiti hazikuonyesha kwamba mashine ya mfululizo huokoa maisha zaidi.

Hatua ya tano: maji na umeme

Sehemu hii isomwe na daktari pia, asimwachie fundi peke yake. Mashine inayotumia mililita 500 za maji ya dayalisisi kwa dakika humaliza lita 120 ndani ya saa nne, na maji hayo yote hupita pembeni ya damu ya mgonjwa yakitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Maji yanayofaa kunywewa hayafai hapa. Kuyachemsha hakusaidii: vijidudu hufa, lakini kemikali hubaki.

Maji ya visiwa vyetu hutoka kwenye miamba ya chokaa, na kila mwenye jiko anaujua ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Kalsiamu hiyo ikipita hadi kwa mgonjwa humletea kichefuchefu, kichwa kuuma na presha kupanda ghafla, na ikifika kwenye utando wa mtambo wa RO, unaosafisha maji kwa kuyasukuma kupita kwenye utando huo, huuziba. Kwa hiyo mtambo wa kulainisha maji uwe na chumvi wakati wote, na ugumu wa maji upimwe mwisho wa siku, wakati mtambo umechoka, si asubuhi baada ya kujisafisha.

Klorini ni adui wa pili. Inalinda mji dhidi ya kipindupindu, lakini ikiingia kwenye dayalisisi hupasua chembe nyekundu za damu. Kabla ya kila zamu, fungua bomba la sampuli lililo baada ya tangi la kwanza la mkaa, acha maji yatiririke, jaza kichupa, tia dawa ya kipimo na ukitazame mbele ya karatasi nyeupe. Kikibaki angavu, endelea. Kikionyesha hata uwaridi hafifu, pima baada ya tangi la pili. Klorini ikizidi miligramu 0.1 kwa lita hapo, hakuna mgonjwa anayefungwa mashine, hata kama anasubiriwa kwa hamu. Kumbuka kwamba katika siku za tahadhari ya kipindupindu klorini ya mji huongezwa, hivyo kipimo cha juzi hakimlindi mgonjwa wa leo. Katika mji wa Caruaru, Brazil, mwaka 1996, makumi ya wagonjwa wa dayalisisi walifariki kwa sumu ya mwani iliyopita kwenye maji ambayo hayakusafishwa ipasavyo.

Ikiwa mgonjwa hawezi kutolewa chumba cha mahututi, mtambo mdogo wa RO wa kubebeka upelekwe kitandani pake, nao upimwe vilevile.

Kuhusu umeme, Unguja na Pemba hupata umeme kwa nyaya za chini ya bahari, na wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2008, na kipindi cha kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani. Jenereta ijaribiwe ikiwa na mzigo. Kila muuguzi ajue pia kurudisha damu kwa mkono: atoe mkono wa pampu ulio nyuma au ubavuni mwa mashine, auzungushe kwa mwendo wa polepole usiokatika, na macho yake yasiondoke kwenye mpira unaorudi kwa mgonjwa, kwa kuwa wakati huo king'amuzi cha hewa hakimlindi.

Hatua ya sita: weka katheta

Mahali pa kwanza ni mshipa wa shingo upande wa kulia, kwa katheta (mpira wa kupitishia damu) ya sentimita 12 hadi 15. Pa pili ni kinena, kwa sentimita 20 hadi 25. Mshipa wa chini ya mtulinga uachwe hadi mwisho. Tumia altrasaundi kila inapopatikana. Kwa mgonjwa wa nimonia anayelazwa kifudifudi, shingo ya kulia ni bora, kwani katheta ya kinena hujikunja. Piga eksirei kabla ya kutumia katheta ya shingo, maana mgonjwa ambaye mapafu yake yamebaki na nguvu kidogo hatavumilia hewa kuvuja kifuani. Vuta nje heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyofungiwa ndani ya katheta kabla ya kuunganisha, na usiitumie katheta hiyo kwa dawa au dripu.

Hatua ya saba: mpango wa kipindi cha kwanza

Mgonjwa mwenye yurea ya juu sana asisafishwe kwa pupa, kwa sababu yurea ikishuka haraka kwenye damu huku ikibaki kwenye ubongo, ubongo huvimba. Kipindi cha kwanza cha kawaida kiwe cha saa mbili hivi, damu ikitembea mililita 150 hadi 200 kwa dakika. Katika njia ya pole, damu iende mililita 100 hadi 200 na maji ya dayalisisi 100 hadi 300. Joto la maji liwe nyuzi 35 hadi 36 na sodiamu isiwe chini ya 145, mambo mawili yanayosaidia presha isianguke. Kwa mashine ya mfululizo kiwango ni mililita 20 hadi 25 kwa kilo kwa saa, yaani lita 1.2 hadi 1.5 kwa saa kwa mtu wa kilo 60, na tafiti za mwaka 2008 na 2009 zilionyesha kwamba kuzidisha hapo hakuna faida. Maji ya mgonjwa yaondolewe kidogo kidogo; lita tatu zilizoingia kwa siku nne hazilazimiki kutoka kwa usiku mmoja.

Hatua ya nane: zuia damu isigande kwenye mashine

Nimonia ya virusi, hasa UVIKO-19, huifanya damu kuganda upesi, na kila kichujio kinachoziba humpotezea mgonjwa damu. Heparini ndiyo dawa tuliyoizoea. Itolewe kwa kiwango alichoandika daktari na ifuatiliwe kwa kipimo cha damu. Sitreti, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ni nzuri zaidi kwa mashine ya mfululizo, lakini inadai kupima kalsiamu huru mara kwa mara, na hospitali isiyo na kipimo hicho isiithubutu. Anayevuja damu asafishwe bila heparini: pitisha mililita 100 hadi 200 za maji ya chumvi kila nusu saa, nawe uyahesabu maji hayo katika yale ya kuondolewa.

Jifunze kuitazama chemba ya mshipa, kikombe ambamo damu hupita ikirudi kwa mgonjwa. Damu inayotembea vizuri ni nyekundu na uso wake ni laini. Inapoanza kuganda huwa nyeusi zaidi, michirizi hujitokeza kwenye kuta za kichujio, nyuzi nyembamba hung'ang'ania wavu wa chemba, na shinikizo la mshipa hupanda hatua kwa hatua. Aliyeyaona haya mapema ana nafasi ya kuirudisha damu kwa mgonjwa; aliyengoja king'ora kilie huenda akaitupa.

Hatua ya tisa: mwangalie mgonjwa

Presha ipimwe kila dakika 15 katika saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Ikianguka, simamisha uondoaji wa maji kwanza, kisha mpe maji ya chumvi kidogo au ongeza dawa ya presha kwa agizo. Oksijeni ikishuka ghafla, fikiria hewa kwenye mipira, mzio wa kichujio, mpira wa kupumulia uliosogea na pafu lililopasuka, kabla ya kuulaumu ugonjwa wenyewe. Walio chumbani wawe wachache, wavae barakoa za N95, kinga ya macho na gauni, na mashine isafishwe nje na ndani kabla ya kwenda kwa mwingine. Mwenye homa ya ini B awe na mashine yake.

Dawa zinazotolewa na mashine, kama meropenemu, zipewe baada ya kipindi. Oseltamiviri kwa mgonjwa wa dayalisisi ya kawaida ni miligramu 30 baada ya kila kipindi. Seftriaksoni haihitaji kubadilishwa. Usimnyime protini kwa kuogopa yurea, kwa sababu mashine nayo huondoa protini na misuli ya kupumulia inaihitaji.

Hatua ya kumi: kuacha

Mkojo ukirudi na kufika mililita 400 hadi 500 kwa siku bila furosemaidi, na kreatinini ikiacha kupanda kati ya vipindi, ruka kipindi kimoja uangalie. Katheta itolewe mara tu isipohitajika, mgonjwa akiwa amelala chali, na palipotolewa pabanwe vya kutosha. Waambie jamaa waziwazi kwamba kuacha mashine hakumaanishi figo zimepona kabisa. Mgonjwa apimwe kreatinini, presha na protini ya mkojo baada ya miezi mitatu, na kama anarudi Pemba, apewe barua yenye kiwango chake cha mwisho cha kreatinini, tarehe ya kipimo kinachofuata, na majina ya dawa za maumivu ambazo duka lolote la dawa lisimuuzie.